Zambarau usizichemshe jamani
Wenye mzambarau nyumbani na mnaonunua kwa fungu sokoni, msizimenye na msizichemshe kabisa, maana ile rangi inayopaka ulimi na kuharibu shati la shule la mtoto ndo kitu chenyewe, inaitwa anthosayanini, imejaa kwenye ganda, na maabarani imeonekana inapunguza makali ya zile kemikali zinazochakaza seli na inatuliza uvimbe, ila hayo ni kwenye seli na panya zaidi kwahiyo usije ukaacha vidonge vyako vya sukari kisa juisi, tafadhali sana.

Mimi nazivuruga kwa mkono kwenye maji baridi mpaka nyama iachie kokwa, nachuja, nakamulia ndimu. Ndimu ni muhimu, asidi inashikilia rangi, utaona juisi inageuka nyekundu nzuriii inang'aa. Sukari achana nayo, chumvi chembe tu inapunguza ule ukakasi. Kunywa siku hiyohiyo, zikibaki zioshe zikauke maji uzigandishe nzimanzima kwenye friza, zikikaa juani rangi inapauka na faida inaondoka nayo.