SOMO: Kumfundisha mtoto "i-" na "ki-" zinarudia jina lipi

Naulizwa hili kila mara, kwenye simu na hata sokoni: mtoto anasoma hadithi bila kukwama, ukimuuliza nani kafanya nini anakodoa macho. Someni kwanza, ndipo muulize.

1. Tunga habari fupi ya mambo anayoyaona. Huku Kigoma: mtumbwi, wavu, karabai.

2. Iandike ubaoni, mistari iachane.

3. Azungushie majina kwa chaki.

4. Hapa ndipo somo huharibika. Mtoto avute mshale kutoka kwenye kiambishi (i- au ki- ya mwanzo wa kitendo) hadi kwenye jina kinalolirudia. Anza na majina ya ngeli tofauti: "Kikombe kiliangukia sahani, ikavunjika." Kitu gani kimevunjika? Sahani, kwa sababu i- haishiki kikombe. Sasa futa, andika "kikavunjika". Silabi moja imebadilika na hasara imehamia kwenye kikombe. Mpe nafasi abishe, arudie mshale mwenyewe.
ONYO: usimwambie "tazama jina la karibu". Sentensi ya pili inaivunja kanuni hiyo papo hapo.
ONYO: siku ya kwanza usiweke majina mawili ya ngeli moja. "Kikombe kiliangukia kisahani, kikavunjika": hata mtu mzima hajui kipi. Mtoto ataotea, na akizoea kuotea ni kazi kumrudisha.

5. Ngeli zikishakaa, leta watu. "Asha alimkuta Neema alipokuwa anatoka sokoni." Nani alitoka sokoni? Mtoto aitengeneze kwa kurudia jina.

MASWALI

Mzazi, Gungu: Naanza na sentensi gani?
– Hatua ya 4. Ipo.

Mdau: Si wakariri tu mimi, wewe, yeye? Sisi tulikariri tukafaulu.
– Orodha haimwonyeshi "yeye" ni nani ndani ya habari. Wapo wanaoitaja orodha yote na hadithi hawaielewi.

Mwalimu mpya, Buhigwe: Shikamoo mwalimu. Watoto wangu nyumbani wanaongea Kiha. Itawachanganya?
– Marahaba mwanangu. Itakusaidia. Kiha ni lugha ya Kibantu, kina ngeli zake na upatanisho wake. Wakusimulie habari ya kikombe kwa Kiha, kisha waulize wamejuaje kilichovunjika. Kazi hiyo wanaifanya kila siku. Wasaidie zaidi kwenye majina kama sahani, meza na kalamu: ukiliangalia jina peke yake, ngeli haionekani. Wazoeze kusema "sahani hii", "meza hii".

Mama, Ujiji: Mwanangu kaandika "dagaa zimekauka", kakatwa maksi. Ni haki?
– Kwa Kiswahili sanifu, ndiyo dada: "dagaa wamekauka", hata wakiwa kwenye gunia. Mwaloni Kibirizi utasikia "dagaa hizi", kwa hiyo usimgombeze. Mwambie tu kwenye mtihani ni wa-.

Mama, Ujiji: Na mawese?
– Mawese haya, yamemwagika. Hata yakiwa kijiko kimoja.