Kina cha Vichwa vya Kusubu katika Bunduki ya Wenzo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujaza Risasi

Mtu anayejaza risasi zake mwenyewe kwa ajili ya bunduki ya wenzo, yaani ile inayopandisha risasi kwa kuzungusha mkono wa chuma ulio chini yake, hasa anayetumia vichwa vya madini ya risasi alivyovisubu kwa kalibu, anapaswa kuelewa kwanza kwamba kina cha kichwa ndani ya ganda hakipangwi kwa kufuata usahihi wa shabaha peke yake. Bunduki kama Winchester ya mwaka 1894 au Marlin 336 ina magazini ya bomba iliyolala chini ya mtutu, ambamo risasi hufuatana ncha kwa kitako, na ina kinyanyuzi kinachopandisha risasi moja moja hadi usawa wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa. Kwa hiyo kina huamuliwa na mfereji wa kukunjia mdomo wa ganda uliomo kwenye kichwa, na vilevile na urefu wa risasi ambao kinyanyuzi kinaweza kuupokea. Nashauri kazi yote ya kukitafuta kina hicho ikamilike kabla kopo la baruti halijafunguliwa.

Kazi hii ni desturi ya muda mrefu nchini Marekani, ambako vifaa vyake huuzwa wazi. Msomaji aliye Kenya au Tanzania ajue kwamba kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.

Uchaguzi wa kichwa huanza na ncha yake. Ncha iwe bapa, kwa sababu ndani ya bomba kila ncha huegemea fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako) ya risasi iliyo mbele yake, na ncha iliyochongoka inaweza kuilipua fataki hiyo wakati bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo. Kisha mfereji wa kukunjia uwe mahali panapoifaa bunduki yenyewe. Kwa risasi ya .30-30, iliyoingia sokoni mwaka 1895, urefu wa juu kabisa unaokubalika ni milimita 64.77, na kalibu nambari 311041 ya kampuni ya Lyman imependwa miaka mingi kwa sababu ncha yake bapa na mfereji wake vinalingana na mahitaji hayo. Si kila kalibu iko hivyo. Kichwa cha Lyman 358429, alichokibuni Elmer Keith, mwandishi wa Marekani wa mambo ya silaha, kwa ajili ya bastola za silinda, kina pua ndefu, na mdomo wa ganda la .357 Magnum ukikunjwa ndani ya mfereji wake risasi huzidi milimita 40.39 zilizowekwa kuwa kikomo, hivyo katika bunduki nyingi za wenzo hukwama njiani. Anayekizamisha zaidi ili kuupunguza urefu huo asisahau kwamba amepunguza pia nafasi ya baruti, na katika ganda dogo lenye baruti ya kuwaka haraka shinikizo hupanda kwa kiasi cha hatari.

Maganda nayo yapimwe yote kwa kalipa na kukatwa yawe na urefu mmoja. Ganda la .30-30 hurefuka kila linapofyatuliwa, na kikomo chake ni milimita 51.79. Ganda refu hukunjwa kupita kiasi na fupi hukunjwa kidogo mno, kwa kuwa kifaa kinachokunja mdomo hakibadiliki kutoka risasi moja hadi nyingine. Maganda yasiyolingana yatatoa risasi zisizolingana hata kama mkono wa mjazaji ni makini kiasi gani.

Sehemu inayostahili subira kubwa kuliko zote ni shingo ya ganda. Kichwa cha kusubu cha .30-30 kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 7.85 hadi 7.87, yaani kinazidi kidogo kile chenye gamba la shaba, nacho ni laini. Kikisukumwa katika shingo iliyopanuliwa kwa kipimo cha kichwa chenye gamba, shingo hukibana na kukipunguza kitako, halafu kitako hicho kilichopungua huruhusu gesi ipenye pembeni na kuacha utando wa madini ya risasi ndani ya mtutu. Shingo iliyolegea nayo huruhusu kichwa kizame ndani kwa nguvu ya springi ya magazini na kishindo cha kufyatua. Dawa ninayoiamini ni kipanuzi cha mtindo wa Lyman M, ambacho hupanua shingo kidogo na kuufungua mdomo zaidi kidogo, ili kichwa kianze kuingia wima bila kukwanguliwa. Ukiona uzi mwembamba wa madini ya risasi umejikunja kwenye ukingo wa ganda, mdomo haukufunguliwa vya kutosha.

Kushindilia kichwa ndani ya ganda na kukunja mdomo nakuhimiza uvitenganishe viwe hatua mbili. Vikifanywa pamoja, mdomo huanza kufunga wakati kichwa bado kinashuka, na mara nyingine bega la ganda huvimba kiasi cha kukataa kuingia chemba. Angalia pia mchi wa kifaa cha kushindilia: uso wake ulingane na ncha bapa, vinginevyo utaiponda. Grisi iliyopakwa kwenye vichwa hupanda na kuganda ndani ya kifaa, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linasukuma kichwa kinachofuata chini zaidi, hata risasi za mwisho zikawa fupi kuliko za mwanzo bila mtu kugusa parafujo ya kurekebisha kina. Mchi ufutwe mara kwa mara, na urefu wa risasi upimwe katikati ya kazi.

Baada ya hapo tengeneza risasi chache za majaribio zisizo na baruti wala fataki, uzitie kwenye magazini na kuzungusha wenzo. Komeo lifunge bila kulazimishwa, na risasi ikitolewa kichwa kisionyeshe alama za mifereji ya mtutu. Kichwa kinachogusa mifereji kinaweza kunasa humo risasi nzima inapotolewa, na baruti ikamwagika ndani ya mitambo. Kisha bonyeza ncha ya risasi hiyo kwenye ubao wa meza kwa nguvu za mkono na uipime tena. Urefu ukibadilika, rudi kwenye kipanuzi na mkunjo.

Kipimo cha mwisho hufanyika uwanjani kwa risasi kamili chache. Tia alama risasi moja, iache ndani ya bomba wakati nyingine zinafyatuliwa, kisha itoe uipime. Ikiwa imefupika, risasi zote za fungu hilo zifunguliwe kwa nyundo ya kung'olea vichwa, na baruti ya kila ganda irudishwe kwenye kopo lake pale tu una hakika ni ile ile.