Kupima jinsi kemokini inavyovuta limfosaiti: jaribio la utando wenye matundu

Tishu yenye maambukizi hutoa kemokini, protini ndogo zinazokolea karibu na chanzo na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Seli nyeupe ya damu yenye kipokezi kinachofaa, yaani protini ya juu ya seli inayoinasa kemokini, huufuata mteremko huo wa ukolezi. Stephen Boyden alibuni mwaka 1962 njia ya kulipima jambo hili: seli juu, kivutio chini, utando wenye matundu katikati. Hapa tunatumia limfosaiti T (aina ya seli nyeupe) za binadamu, kemokini CXCL12 na sahani ya vishimo 24.

Chagua utando wenye matundu ya mikromita 5. Ya mikromita 3 huwafaa nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe. Ya 8 ni makubwa mno, limfosaiti hupenya hata pasipo kuvutwa.

Tumia RPMI (kimiminika cha kukuzia seli) yenye albumini ya ng'ombe, protini ya damu, asilimia 0.5, bila seramu (majimaji ya damu iliyoganda). Albumini huzuia kemokini kunata kwenye plastiki, ilhali seramu ina vivutio vyake vyenyewe. Osha seli mara mbili, ziweke milioni 5 kwa mililita, kisha zipumzishe saa moja kwenye nyuzi 37. Zilizokuwa zimehifadhiwa kwa kugandishwa zipumzishe usiku kucha.

Weka chini mikrolita 600 za CXCL12, nanogramu 100 kwa mililita, zikiwa zimeshapata joto. Teremsha kikombe chenye utando kikiwa kimeinama kidogo, maana kiputo kimoja cha hewa chini ya utando huziba njia na kishimo hicho hakifai tena. Tia mikrolita 100 za seli juu, yaani seli 500,000. Acha saa 2 hadi 3 kwenye inkubeta yenye kaboni dioksidi asilimia 5, na usiitikise sahani: mteremko ukivurugika, kinachobaki ni mchanganyiko tu.

Ulinganisho ndio wengi huufupisha, na ndio unaoamua kama matokeo yana maana. Kwa kila hali tumia vishimo vitatu:

- bila kemokini popote;
- kemokini chini tu;
- kemokini kwa ukolezi uleule juu na chini;
- seli zilezile zilizotiwa moja kwa moja chini, bila utando: hiyo ndiyo asilimia 100.

Hali ya tatu haina mteremko. Seli zikivuka kwa wingi hapo, kemokini inazichangamsha tu, haiziongozi, na huna haki ya kusema zimevutwa.

Inua kikombe, suuza upande wake wa chini, kusanya kimiminika chote na uhesabu seli. Zikivuka 90,000, hiyo ni asilimia 18. Bila kemokini zikivuka 10,000, ni asilimia 2, kwa hiyo mvuto umeongeza uvukaji mara 9.

Usidhani kemokini nyingi huvuta zaidi. Mchoro wa kipimo na mwitikio hupanda kisha hushuka, kwa sababu vipokezi vikijaa pande zote seli haitambui tena upande wa kwenda, na vingine humezwa ndani. Jaribu nanogramu 10, 30, 100, 300 na 1,000.

Zisipovuka kabisa, usiilaumu kemokini kwanza: pima kwa kingamwili yenye rangi kama CXCR4, kipokezi cha CXCL12, kiko juu ya seli. Kikiwapo, ndipo ufungue chupa mpya ya kemokini, hasa kama ile ya zamani imegandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa.