Jinsi ya kupima nyufa na mipasuko ya miamba: mfano wa Magadi

Kuzunguka Ziwa Magadi, kusini mwa Bonde la Ufa nchini Kenya, lava ya trakaiti (aina ya mwamba wa volkano) yenye umri wa takriban miaka milioni moja imekatwakatwa na nyufa nyingi zinazoelekea kaskazini-kusini. Ni darasa bora kabisa: mimea ni michache, na uso wa lava uliokuwa tambarare unaonyesha wazi upande gani umeshuka. Beba dira yenye klinomita (kipima mwinamo), tepu ndefu, GPS, daftari na maji mengi. Anza alfajiri, jua la Magadi ni kali.

1. Tenganisha. Mpasuko ni mahali mwamba umeachana bila kuteleza. Penye ufa, upande mmoja umeteleza dhidi ya mwingine. Mipasuko iliyotokana na lava kupoa iweke kando: hiyo huelekea kila upande na kuchora maumbo yenye pembe nyingi. Ile ya mvutano wa bonde hufuatana sambamba.

2. Pima mwelekeo na mwinamo, yaani pembe ya uso wa ufa au mpasuko kutoka usawa wa ardhi. Nyundo ikae mbali na dira. Lava nayo ina madini ya chuma yanayoweza kuvuta sindano, kwa hiyo rudia kipimo ukiwa umesogea kidogo. Ukiona michirizi kwenye uso wa ufa, pima mwelekeo wake. Ndiyo inayoonyesha mwamba uliteleza kuelekea wapi.

3. Nyoosha tepu. Kila mpasuko unaoikata, andika umbali, mwelekeo, urefu na upana wa uwazi wake. Mipasuko inayokaribia kuwa sambamba na tepu utaikosa mingi, basi nyoosha tepu ya pili kukatiza ya kwanza. Kila kundi la mipasuko, gawanya idadi yake kwa sini ya pembe kati yake na tepu: kwenye nyuzi 30, idadi inakuwa maradufu.

4. Pima mshuko wa ufa, yaani kimo ambacho upande mmoja umeshuka, kutoka ncha hadi ncha. Hapa usiwe na haraka. Wengi hupima ukuta wa mwamba ulioachwa na mshuko huo pale kimo chake ni kikubwa zaidi, wakaondoka, na historia yote ya ufa ikabaki pale pale. Ufa hukua tetemeko baada ya tetemeko, ncha zake zikisogea mbele, kwa hiyo kwa kawaida mshuko ni mkubwa karibu na katikati na huisha nchani. Pima kimo cha ukuta kila baada ya umbali uleule, kisha chora grafu. Kilele kimoja huashiria ufa uliokua peke yake. Vilele viwili vyenye bonde katikati mara nyingi ni nyufa mbili zilizokutana. Nenda kwenye sehemu ya ufa inayolingana na bonde hilo la grafu, utafute mteremko uliopinda kati yao, wenye mipasuko midogo mingi.

Kupata mtelezo wenyewe, ikiwa michirizi inaonyesha mwamba uliteleza moja kwa moja kuelekea chini, gawanya mshuko kwa sini ya mwinamo: mita 20 kwenye nyuzi 60 ni takriban mita 23. Lakini chini ya kuta nyingi za Magadi mashapo yamefunika lava iliyoshuka. Hapo andika “angalau mita 20”, na kwenye grafu tumia alama tofauti na ile ya sehemu ambazo lava inaonekana pande zote mbili.