Mtoto anasoma hiragana ila akiandika anaruka herufi? Anza na makofi

Hii ni kwa wazazi mlioko Japan, au mzazi mmoja anaongea Kijapani nyumbani. Msikimbilie kununua madaftari jamani, hiragana (herufi za sauti za Kijapani) za msingi ni 46 tu na watoto wengi wanaingia darasa la kwanza, hapo kwenye miaka 6, wanazisoma tayari. Kazi iko kwenye sikio.

Kijapani kinaenda kwa mapigo, kwahiyo piga nae makofi. Sakura ni matatu, sa-ku-ra, rahisi. Sasa jaribuni kitte (stempu): ki, pigo la kimya, te, yaani matatu pia, na hilo la kimya ndo っ ile ndogo, mtoto asipolisikia ataandika kite na hapo keshaandika "njoo". Obasan ni shangazi, mapigo manne maana n ya mwisho inajitegemea, obaasan ni bibi, matano. Sisi wa Kiswahili hapa tuna afadhali, "kaa" tunaitamka a mbili bila kufundishwa. Akishazoea, mpe vizibo vya soda, kila pigo kizibo kimoja na lile la kimya akigeuze juu chini, halafu ndo aandike herufi chini ya kila kizibo, utaona mwenyewe pale anaposita.

Kwenye gari chezeni shiritori: ringo, gorira, rappa, mwisho wa neno ndo mwanzo wa linalofata, atakaeishia na n kashindwa. Mchezo mtamu kuliko daftari lolote, na unamfundisha kukata neno kichwani.

Herufi zinazofanana kama ぬ na め, au さ na き, usimpe siku moja. Akiandika kinyumenyume akiwa na miaka 5 usipanik.

Kuna sehemu sikio halisaidii kabisa: "wa" ile ya kuonyesha mada ya sentensi inaandikwa は (ha), Tookyoo (Tokyo) inaandikwa na う (u) lakini ookii (kubwa) na お (o), hizo ni za macho na kumbukumbu, msomee vitabu vingi azizoee. Kanji (herufi za asili ya Kichina) ndo zaidi, na zinaanza darasa hilohilo la kwanza, 80.

Spidi ya kutaja picha anazozijua inaendana na spidi ya kusoma baadae, ila usimkimbize na saa mkononi. Darasa la kwanza likiisha na bado anasoma herufi mojamoja kwa shida, ongea na mwalimu mapema, usisubiri la tatu.