Sabuni ya nazi kwa maji ya kisima cha pwani

Anayefulia maji ya kisima kuanzia Kilwa hadi Mikindani anaijua tabu hii: mche wa sabuni unasuguliwa mpaka mkono unachoka, povu halipandi, beseni linabaki na utando wa kijivu na shuka nyeupe zinafubaa. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa, na vilivyo karibu na bahari vina chumvi pia. Chokaa huinasa sabuni kabla haijaufikia uchafu. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, na ikiongezewa magadi soda (soda ash ya kufulia, siyo baking soda) huenda mbali zaidi.

Piga hesabu kwanza. Mafuta ya nazi ukiyanunua kwa bei ya kupikia, bora ununue mche dukani. Sabuni hii inalipa kwa mwenye minazi, anayepata mbata ya kukamua, au mwenye mafuta yaliyoanza kunuka ambayo hayaliki tena. Hayo yanafaa kabisa. Mafuta uliyoyapika mwenyewe kutokana na tui yachemshe mpaka milio ya maji ikome, kisha yachuje. Maji yakibaki ndani, uzito unakudanganya.

Vipimo: mafuta ya nazi kilo 1, kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 180, maji ya mvua mililita 360. Pima kwa mizani, usipime kwa kijiko wala kikombe. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni gramu 920 hivi. Kilo ya mafuta ya nazi humaliza kostiki gramu 183. Tatu zimepunguzwa makusudi ili kostiki isibaki kwenye sabuni. Vipimo hivi usivihamishie kwenye mafuta mengine: kilo ya mawese inahitaji gramu 140 hivi, na ukiweka 180 utapata sabuni ya kuunguza mikono.

Sufuria ya alumini isikaribie kazi hii. Kostiki huila, ikachemka na kutoa gesi inayowaka. Tumia ndoo nene ya plastiki na mwiko wa mbao ambao haurudi tena jikoni. Vaa glavu na miwani, fanyia nje, watoto wawe mbali. Tanguliza maji kwenye ndoo, kisha nyunyiza kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukigeuza, yaani maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia. Likitokea hilo, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usipake limau wala siki. Kama ni jichoni, endelea kuosha na uwahi hospitali.

Subiri mchanganyiko upoe uwe vuguvugu. Mafuta yakiwa yameganda, kama asubuhi za Juni na Julai, yayeyushe kidogo. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta na ukoroge bila kuacha mpaka mwiko uache alama juu kama kwenye uji mzito. Kwa mkono huchukua nusu saa, pengine zaidi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema: wanamimina ikiwa bado nyepesi, kesho yake mafuta yanaelea juu. Ikikupata hiyo, rudisha yote ndooni ukoroge tena.

Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Usilifunike kwa blanketi, kwani sabuni ya nazi hupata joto yenyewe na inaweza kufura ikamwagika. Ikate siku hiyohiyo, ikiwa ngumu kama ugali uliopoa. Ukiiacha mpaka kesho itapasuka vipandevipande chini ya kisu. Panga miche kivulini penye upepo wiki 4. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, ipe wiki 6. Unga mweupe juu ya mche hauna neno. Ukikuta madoa meupe magumu ndani, hiyo ni kostiki ambayo haikuyeyuka, na mche huo usiushike kwa mkono mtupu.

Kupata sabuni ya unga, kwangua mche kwa kikwaruzo cha karoti, anika siku mbili, changanya gramu 500 na magadi soda gramu 500, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Vijiko vitatu vya chakula vinatosha ndoo ya lita 20. Kama maji ni ya chokaa sana, tia kwanza kijiko kimoja cha magadi soda peke yake na usubiri dakika kumi, ndipo uweke sabuni. Siki nusu kikombe iwekwe kwenye maji ya mwisho ya kusuuza tu. Ikikutana na sabuni huirudisha kuwa mafuta.

Na doa la bibo, msimu wa korosho, usilianze kwa sabuni hii, maana magadi hulifanya jeusi zaidi. Lisuuze papohapo kwa maji matupu, mara nyingi, kabla halijakauka.