Ukiambiwa lafudhi yako haifai kazini

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, na nina miaka minane nikipokea simu za wateja wa bima ya magari hapa Nairobi. Lugha ya mama haina b, d na g kavu kama za Kiswahili, ila zikitanguliwa na m au n. Ndiyo maana "bei ya gari" ilikuwa ikinitoka "pei ya kari". Wakenya huita huku kushrabu, na wachekeshaji wamejengea nyumba juu yake: Mkikuyu na r zake, Mkalenjin na "papa" yake, sisi na "china lako nani".

Kabla hujakasirika, uliza swali moja: ni neno gani ambalo mteja hakulisikia? Kama lipo, hilo ni tatizo la kazi na lina dawa. Siku moja mzee alinipa namba ya gari inayoanza na KBT, nami nikamsomea ili aithibitishe. "Siyo P, mama, ni B!" Nikamjibu, "Ndiyo mzee, P." Tulivutana hivyo mara nne mpaka akakata simu. Alikuwa na haki.

Dawa yake ni majina ya mahali. B ya Bungoma, P ya Pwani, D ya Dodoma, T ya Taita, G ya Garissa, K ya Kisumu. Yaandike kwenye karatasi, ibandike karibu na kompyuta. Wenzangu walicheka kwamba nasema "Pungoma". Sawa, lakini hakuna Pungoma Kenya nzima, kwa hivyo mteja haandiki P. Namba za simu zisome tatu tatu, pole pole, halafu umwache yeye azirudie. Na tafadhali usianze kuongea kwa mapua ukijifanya umetoka London. Utachoka kufikia saa nne asubuhi, na hao wateja watazidi kutokuelewa.

Sasa, kama hakuna neno lolote ambalo mteja hakulisikia, hiyo ni dharau. Nafasi ya kuhudumia makampuni makubwa ilipotangazwa, niliomba. Mkubwa wangu akaniambia kwenye korido, karibu na mtungi wa maji: "Kazi unaijua, lakini wale wanataka sauti isiyo ya kijijini." Nilicheka naye. Naam, nilicheka, kisha nikaenda chooni kulia.

Jioni hiyo niliandika kwenye simu: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe bila kuyapamba, na jina la aliyekuwa akichota maji pale. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, maana baada ya wiki kila mtu atakuwa amesahau, na wewe mwenyewe utakuwa umeongeza chumvi.

Kosa langu lilikuwa kungoja wiki tatu ndipo niandike barua pepe. Wewe andika kesho yake, iwe fupi: "Jana saa tisa uliniambia sipati nafasi kwa sababu ya sauti yangu. Naomba unisikilizishe simu ambazo wateja hawakunielewa." Katika kazi yetu kila simu inarekodiwa, kwa hivyo ushahidi wao, kama upo, hauwezi kukosekana. Mimi sikuonyeshwa hata moja. Nilichopata ni mwaliko wa mafunzo ya lafudhi, mimi peke yangu kati ya watu ishirini. Mafunzo ya wote, nenda. Ya mtu mmoja aliyelalamika, uliza kwa maandishi kwa nini ni yeye tu.

Sheria iko upande wako, ingawa neno "lafudhi" hutalikuta humo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya lugha na ya asili ya kikabila. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inasema hivyo hivyo, kuanzia kuajiriwa hadi kupandishwa cheo, na kesi ikifika mahakamani ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Anza na afisa wa leba wa kaunti yako ukiwa na zile barua. Walioko Tanzania wasome kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachotaja kabila na mahali mtu anapotoka.

Utani wa wenzako ni jambo jingine. Nami huwatania. Ila mtu akikuigiza mbele ya mteja au mkubwa, mwite pembeni umwambie akome. Akirudia, liingie kwenye ile orodha ya tarehe.

Mimi sikufika mahakamani. Nilihamia kampuni nyingine, na leo nasimamia watu tisa. Fomu ya usaili niliyoikuta ilikuwa na mstari wa "lafudhi", alama kumi. Niliufuta nikaandika: "Amesoma namba ya gari, mteja akaithibitisha mara ya kwanza."